Mashine Mpya ya Kuchomelea Uani Kwangu

Nilitoboa bomba mara tatu asubuhi moja, na mara ya tatu mwenye kazi alikuwa amekaa palepale akiniangalia.

Alikuwa mama mmoja anayeuza vitenge na madera mtaani kwetu Mbagala. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Kwa miaka mingi alitembeza biashara yake kwenye kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya wodini, si kwa mchanga wa vichochoro vyetu, kwa hiyo kila penye mchanga ilimbidi amwombe mpita njia amsukume. Alikuja kwangu akitaka baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, yenye sanduku nyuma la kuwekea vitenge. Alisisitiza jambo moja tu: iwe nyepesi.

"Nikishindwa kuiendesha mwenyewe," aliniambia, "nitakuwa nimenunua kiti kingine cha kuombea msaada."

Wepesi maana yake bomba jembamba, na mashine yangu ilikuwa haiwezi bomba jembamba. Ilikuwa mashine ya zamani, sanduku la bati zito kama gunia la saruji, lililosukwa waya kwa mkono. Mbele ilikuwa na matundu matatu ya kuchomekea kebo: moto mdogo, wa kati na mkubwa. Lakini hata huo mdogo ulikuwa mkubwa kwa bomba lile. Ukigusisha kijiti cha kuchomelea, chuma kinayeyuka na kuacha tundu la kupitisha kidole kidogo.

Yule mama alisogeza kiti chake, akalitazama tundu, akapitisha ncha ya kidole pembeni yake.

"Dada fundi, hapa utaziba?"

"Nitaziba."

"Na siku nikiangukia kwenye shimo barabarani, nikiwa na mzigo?"

Matundu nilishaziba mengi. Kwenye geti unaziba, unapitisha grenda, unapiga rangi, na hakuna atakayejua. Lakini geti halibebi mtu.

"Nipe wiki tatu," nikamwambia. "Nitabadilisha mashine."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya bomba."

Akacheka, akakubali. Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda nikiitazama ile mashine, na moyo ukawa mzito, kwa sababu si mashine niliyoinunua dukani. Niliyempa neno langu ni mteja, lakini kuna mtu mwingine niliyepaswa kuzungumza naye kwanza.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Newala aliyekuwa na karakana Temeke. Nilikwenda kwake nikiwa binti wa miaka ishirini na moja, baada ya kukataliwa na mafundi wanne waliosema nitaharibu macho na sitaolewa. Yeye aliniuliza kama naweza kukata chuma kwa msumeno wa mkono kutwa nzima bila kulalamika. Nikakata. Siku ya pili akanipa kioo cheusi cha kukingia macho. Nilikaa naye miaka mitano, na nilipoolewa na kuhamia Mbagala, alinisukia mashine kwa mikono yake na kuileta mwenyewe kwenye mkokoteni. Alisema, "Usikae nyumbani kusubiri kazi ikuite. Washa, watu watasikia."

Watu walisikia kweli. Walisikia kupita kiasi. Nyumba yetu ni ya mwisho kwenye mstari wa nguzo, na kila nilipowasha, taa za majirani zilififia. Jirani yangu wa kulia anauza barafu za ubuyu, ana friji kubwa, na tulikubaliana kwamba kabla sijaanza nipige kelele ukutani, "Jirani, nawasha," naye anazima friji. Nikimaliza, "Jirani, nimezima," anawasha. Tuliishi hivyo miaka tisa. Hakuwahi kunigombeza hata mara moja, ila siku za joto nilimsikia akishusha pumzi upande wa pili.

Kwa hiyo sababu za kubadilisha zilikuwepo siku nyingi. Fedha nazo nilikuwa nimeshaziweka kando kutokana na kazi za mageti. Kilichonizuia ni kumwambia mzee.

Jioni ile nilimwambia mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye haelewi sana mambo ya vyuma, lakini anapenda kupima vitu. Akasema, "Kabla hujaenda dukani, si ujue kwanza umeme wetu una nguvu kiasi gani?" Nilikuwa na kipimo changu kidogo cha umeme. Kwa siku tano tukapima asubuhi, mchana na jioni, naye akiandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni. Asubuhi umeme ulikuwa mzuri. Jioni, watu wakishawasha majiko na feni, ulishuka hadi nikashangaa jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi. Ile karatasi niliichana kwenye daftari nikaikunja ndani ya pochi.

Jumamosi nikaenda Kigamboni, ambako mzee alihamia baada ya kufunga karakana. Nilipitia Kongowe. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kuanza na sifa za ile mashine, kisha nieleze habari ya bomba, kisha niseme kwamba siitupi, nitaitunza.

Nilimkuta amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Hilo lilinishtua kidogo, maana hakuwa mtu wa kukaa na ungo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu mbele yake, juani. Nikamtajia kuwa ni mie, mwanafunzi wake. Uso ukamchangamka, akanyoosha mkono upande ambao sikuwepo. Ndipo nilipoona macho yake, katikati yamekuwa meupe kama maji ya mchele.

"Ni mtoto wa jicho," alisema kabla sijauliza. "Yote mawili. Wanasema ni uzee, mie nasema ni ule ujinga wa kuchomelea bila kioo ujanani. Usiku na mchana nawatofautisha. Mchele na mawe natofautisha kwa vidole."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungekuja kuchambua mchele?"

Nikakaa kwenye mkeka nikavuta ungo, tukachambua pamoja. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea. Nikajikuta nasema tu, "Mzee, nataka kubadilisha mashine. Ile uliyonipa inatoboa bomba."

Alitupa jiwe moja uani. Kisha akasema, "Bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Haijaungua?"

"Haijaungua."

Akaanza kucheka taratibu, kicheko cha tumboni, mpaka mchele ukamwagika kidogo. "Mwanangu, ile mashine niliisuka haraka haraka. Shaba haikunitosha. Katikati niliunga waya vipande viwili, nikafunga kwa utepe, nikamwomba Mungu. Niliwaza, ikikaa mwaka mmoja nitashukuru. Kila ulipokuja kunisalimia ukaisifu, nilikuwa nasikia aibu. Nikasema siku ikiungua ataifungua, ataona ule muungano, atajua mwalimu wake alimlipulia kazi."

Miaka tisa mimi nilikuwa naona vibaya kuiacha, na yeye miaka tisa alikuwa anaogopa nisije nikaifungua. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa mtandio. Halafu nikamwambia kuwa Jumatatu nakwenda kwenye maduka ya Gerezani kutafuta mashine, na ningependa twende wote.

"Mie kipofu nitachagua nini?"

"Utanisindikiza."

Jumatatu alivuka kwa pantoni na mjukuu wake wa kike, ambaye anafanya kazi mjini. Akanikabidhi mzee pale Gerezani kwenye maduka ya vifaa vya ufundi, kisha akaenda zake kazini. Mzee alikuwa amevaa kofia na koti, na mkononi ana fimbo. Mie nilikuwa na mfuko mkubwa begani. Ndani mlikuwa na vipande kadhaa vya bomba jembamba, barakoa yangu ya kuchomelea, na waya wangu mrefu wa kuvutia umeme, uleule ninaoutumia nyumbani.

Muuzaji wa duka la kwanza tuliloingia alikuwa kijana mchangamfu. Alimpa mzee kiti, akamwamkia, kisha akaanza kumweleza yeye. "Baba, hizi ndo za kisasa. Inveta. Nyepesi, unabeba kwa mkono mmoja. Wewe kazi zako ni mageti au magari?"

Mzee akasema, "Muulize fundi. Mimi nimemsindikiza tu."

Kijana akaangalia nyuma yangu kuona fundi yuko wapi. Kisha akaniangalia mie, akauona mkono wangu wa kushoto wenye makovu madogo ya cheche, akasema, "Samahani, sista."

"Usijali. Nionyeshe zote."

Akatuonyesha. Lakini bila kukawia akatuvuta kwenye pembe ya duka, palipokuwa na mashine kubwa nyekundu yenye magurudumu, na kando yake mtungi wa gesi. Hii haikuhitaji kijiti. Ilikuwa na waya mwembamba uliozungushwa ndani kwenye koili, unatoka wenyewe ukibonyeza kitufe, na gesi inaufunika moto ili chuma kiungane safi. Nilikuwa nimeziona kwenye karakana kubwa za magari, lakini sikuwahi kushika.

"Jaribu," kijana akasema.

Nikavaa barakoa. Nikaunga vipande viwili vya bomba langu. Haikutoboa hata kidogo. Mshono ulilala sawasawa, bila lile ganda la juu la kugonga kwa nyundo, laini kama ukingo wa kitambaa kilichopindwa na cherehani. Nilivua barakoa, na chuma kilipopoa nikaushika mkono wa mzee nikaupeleka kwenye ule mshono, akaupapasa kwa kidole gumba. Akaupapasa tena.

"Chukua hii," akasema.

"Mzee, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Maisha yangu yote nimeitamani mashine ya namna hii. Karakana yangu ingekuwa na moja tu, nisingefunga. Chukua hii, mwanangu, achana na vimashine vya mkononi."

Sitasema sikushawishika. Kwa dakika kadhaa niliiona ile mashine uani kwangu, niliona na kibao kipya mlangoni, niliona na wateja wenye magari. Nilifungua pochi, lakini kilichotoka kwanza ni ile karatasi ya mume wangu. Nikampa kijana akaisoma.

"Umeme wa nyumbani kwenu ndo huu jioni?"

"Ndo huo."

Akakuna kidevu. Sifa yake ni kwamba hakunidanganya. "Hii hapa dukani inafanya hivi kwa sababu umeme wetu umetimia. Kwa umeme huu itakata kata. Unaweza ukaitumia asubuhi tu."

Nikatoa waya wangu mfukoni. Nikamwomba achomeke ile mashine kupitia waya wangu, maana waya mrefu na mwembamba hupunguza nguvu ya umeme, na nilitaka kuona. Akachomeka. Moto ukawaka, ukakohoa, ukazima. Nikajaribu tena, ukazima tena. Na huo bado haukuwa umeme wa Mbagala jioni.

"Utaomba uvutiwe umeme mkubwa," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo.

"Nitaomba, Mzee, ila si leo. Na hiyo gesi mtungi ukiisha, nitaubeba na nani mpaka mjini kuujaza? Mie nafanyia kazi uani, nimeahidi baiskeli moja kwa mtu mmoja, na mashine hii haitaitengeneza."

Alirudi kwenye kiti, akaegemea fimbo. Nilijua nimemuumiza. Yeye ndiye aliyenifundisha kutobishana na fundi mkubwa mbele ya watu, na mie nilikuwa nimembishia mbele ya muuzaji. Nilijisikia vibaya, lakini nilijua pia kwamba nipo sahihi, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwangu.

Nikamwambia kijana atoe inveta tatu ndogo, zote azichomeke kupitia waya wangu. Nikavaa barakoa. Nilipowasha ya kwanza, nilisikia nyuma yangu fimbo ikigonga sakafu. Mzee alikuwa amesimama akiwa ametupa mgongo, uso ukutani.

"Endelea," akasema. "Nasikiliza."

Ya kwanza iliwaka vizuri, kisha ikaanza kurukaruka. "Hiyo inakula, inaacha, inakula, inaacha," mzee alisema bila kugeuka. "Weka pembeni." Ya pili ilishika kijiti kikagandia kwenye chuma mara mbili, na mzee akatikisa kichwa. Ya tatu nilipoiwasha, nilishusha moto kwa kuzungusha kitufe polepole, polepole, hadi nikafika mahali ambapo chuma kiliyeyuka bila kutoboka. Nikasogea nao. Kijiti kilipungua mkononi mwangu bila kukatika sauti, chwaaa, mfululizo, kama vitumbua vikiwa kwenye mafuta yaliyoshika moto vizuri.

"Hiyo," mzee alisema.

Nilivua barakoa nikatazama mshono. Haukuwa laini kama wa ile kubwa nyekundu. Ulikuwa na mawimbi madogo na ganda la kugonga. Lakini bomba lilikuwa zima. Nikampa, akapapasa kwa muda mrefu.

"Si mzuri kama ule," alisema.

"Si mzuri kama ule."

"Ila utakaa." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nakununulia mashine ya kwangu."

Tukaichukua hiyo ya tatu. Kijana alitaka kuifunga kwenye boksi na kuniitia bajaji, nikamwambia haina haja. Nikaining'iniza begani kwa mkanda wake, kama mkoba, na mkono wa pili nikamshika mzee. Tulipokuwa tunanywa chai kwenye mgahawa wa jirani, nilimuuliza kuhusu macho. Alisema aliambiwa yanaweza kusafishwa, ila anaogopa kisu. Nikamwambia sikuogopa kumbishia yeye leo, kwa hiyo na yeye asiogope kisu. Alikunywa chai yake. Akaniambia atafikiria, ila niende naye hospitali mwenyewe, nisimtume mjukuu anayelia lia.

Baiskeli niliijenga kwa siku sita. Siku ya kwanza, kwa mazoea, nilipiga kelele ukutani, "Jirani, nawasha." Akazima friji. Nilipomaliza mshono wa kwanza nikasikia sauti yake, "Mbona taa haijafifia? Umewasha kweli?" Nikamwambia awashe friji lake tuone. Akawasha. Nikaendelea kuchomelea na friji likiendelea kunguruma. Baadaye kidogo alikuja kwenye upenyo wa ukuta na barafu mbili za ubuyu, moja yangu. Tukala tumesimama.

Nilijifunza pia kwamba ile mashine ndogo huchoka. Ukiibana kwa moto mkubwa muda mrefu, inazima yenyewe hadi ipoe, na hakuna namna ya kuibembeleza. Siku ya tatu ilinizimikia katikati ya kazi nikadhani imekufa, nikakaa chini. Baada ya robo saa ikawaka. Tangu hapo nikawa nachomelea kidogo, napumzika kidogo, naunda minyororo na pedali za mikono wakati yenyewe inapoa. Kazi haikuchelewa. Mgongo wangu pia ulishukuru.

Siku ya kukabidhi, yule mama alikuja mapema. Nilimsaidia kuhama kutoka kwenye kiti chake. Alishika pedali kwa mikono miwili, akazungusha taratibu. Kwenye saruji ya uani ilikwenda. Mie nilikuwa naogopa mchanga wa kichochoro. Akatoka getini, magurudumu yakazama kidogo, akainama mbele, akazungusha kwa nguvu, akapita. Mpita njia mmoja alikimbia nyuma yake kumsukuma, naye akamwambia, "Ahsante baba, niache." Alikwenda hadi barabara ya lami, akageuza, akarudi. Alikuwa anahema na kanga yake imelowa jasho.

"Nyepesi," alisema. Kisha akalia kidogo, akafuta uso, akaniuliza kama rangi inaweza kubadilishwa iwe ya zambarau.

Baada ya wiki moja alirudi, na safari hii hakuwa na furaha. Breki nilikuwa nimeiweka mkono wa kulia, kama ninavyoweka kwenye kila kitu. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Kwenye mteremko mmoja nusura amgonge mtu wa mihogo. Nilijisikia aibu, maana katika maswali yote niliyomuuliza, ya urefu, uzito na sanduku, hilo halikunijia. Nikakata breki, nikaihamisha, nikachomelea upya yeye akiwa amekaa kwenye kigoda changu. Haikuchukua hata saa moja.

Alipokuwa anajaribu breki, alinieleza kuwa kuna mwenzake Charambe anayeshona nguo, ambaye ameiona baiskeli na anataka yake, ila yenye meza ya cherehani mbele. Akaniuliza kama hilo linawezekana.

Siku ya kuanza kazi na yule mshonaji, mzee alikuwepo. Jicho moja lilikuwa limeshasafishwa na bado lilikuwa na kitambaa cheupe, na alikuwa amekaa mbali na moto, kama alivyoagizwa na daktari. Nikachukua futi, daftari na kalamu. Nikampimia mshonaji urefu wa mikono na kimo cha mabega akiwa amekaa. Kisha nikamuuliza mkono anaoutumia zaidi, na upande ambao hupenda kugeukia anapokata kona. Alifikiri kwanza, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake akiitazama, kwa sababu, alisema, hakuna aliyewahi kumuuliza.